Ngano ya Bibi Eleni Ilivyofika Houston

Lewisville: siku mbili za ngano

Chwaaa. Chwaaa. Huo ni mlio wa ngano kavu ikimwagwa kwenye sinia la bati, konzi moja baada ya nyingine. Nausikia nikiosha vyombo. Nausikia hata kwenye kwaya, katikati ya sala, Mungu anisamehe. Bibi Eleni aliimwaga hivyo ili vijiwe vijitokeze, nami nilikaa mbele yake nachagua, huku moyoni nakumbuka kambini Kigoma siku ya posho, mahindi yanavyolia yakiingia kwenye ndoo. Nafaka kavu inalia namna moja dunia nzima.

Mmeniuliza wote, kwenye kwaya na kwenye kundi letu la simu: Goreti, ilikuwaje huko Houston, ni kweli ulifukuzwa kanisani kwa watu? Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika mara moja, someni, kisha mniache nipumzike. Na anayesema nilifukuzwa mwambieni hivi: sikufukuzwa. Walijaribu.

Kwa wasiomfahamu, Bibi Eleni ni yule mzee wa Kigiriki niliyemhudumia hapa Lewisville kwa miaka miwili. Nilimwogesha, nikampikia, nikamtafutia miwani aliyokuwa ameivaa. Wagiriki nyanya wao wanamwita yaya, kwa hiyo kwenye ile nyumba yaya alikuwa yeye, mimi nilikuwa mtoto. Siku ya kwanza nilimpikia supu ya kuku. Kabla sijamkabidhi bakuli nikachota kijiko nikaonja mbele yake, kama tunavyofanya sisi Warundi. Kwetu anayeleta ndiye anayeonja kwanza, ili anayepokea ajue hakuna sumu. Bibi akanikodolea macho.

"Unakula supu yangu?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. Tangu siku hiyo hakula kitu ambacho sijakionja, hata dawa ya kikohozi. "Onja," ananiambia. "Labda leo umenichoka."

Alikulia Houston, kwenye mtaa wa Wagiriki, aliletwa na wazazi wake kwa meli akiwa mdogo. Alipokuwa msichana kama mimi akapendana na Raymond, dereva wa malori, Mmarekani mweusi. Baba yake akasema chagua. Akachagua. Jumapili iliyofuata baba akaenda kanisani na kuomba jina la Eleni liondolewe kwenye karatasi ya familia, ile ambayo padri wao husoma majina ya walio hai na kuwaombea. Alikuwa mzima, ana nguvu zake, wakamfuta. Raymond alikwisha kufariki nilipomfahamu Bibi, lakini picha yake ilikuwa juu ya friji, na kila asubuhi nilitakiwa kumsalimia.

Bibi hakutaka mengi. Alitaka kitu kimoja. "Nikifa," aliniambia, "siku ya arobaini jina langu lisomwe pale, kwenye mtaa ule. Mara moja inatosha. Na ngano yangu ibebwe na mtu aliyenijua."

Ngano yenyewe wanaiita koliva. Ni chakula cha arobaini. Unachemsha ngano nzima, unaitandaza kwenye kitambaa usiku kucha ikauke, unachanganya na ufuta, lozi, zabibu kavu, mdalasini, komamanga, na majani yanayofanana na giligilani lakini si giligilani. Juu yake unatandaza unga wa dengu uliokaangwa, kisha sukari ya unga nyeupe pee, unaikandamiza mpaka iwe laini kama shuka la hospitali, na unachora msalaba kwa lozi. Alinifundisha kwa kunifokea, mara tatu, mpaka nikaweza. "Wengine watakuambia weka biskuti zilizosagwa badala ya dengu," alisema. "Biskuti ni uvivu."

Akafa mwezi wa tano, asubuhi, chai yake ikiwa mezani nimeshaionja.

Binti yake Sofia, anayekaa California, alikuja akamzika hapa na kuondoka. Nilipompigia simu kuhusu arobaini, sauti ikabadilika. "Goreti, asante kwa yote, lakini achana na wale watu. Walimkataa mama yangu, na mimi wakanikataa kabla sijazaliwa. Usiwapelekee kitu."

Nikamjibu, "Sawa, dada." Sawa ya kwetu mnaijua lakini. Maana yake nimekusikia.

Shangazi Perpetua naye, ambaye ndiye aliyenilea na ninaishi kwake, alisimama mlangoni mwa jikoni mikono kiunoni. "Mtoto, unapika matanga ya Mzungu? Wafu wetu wenyewe tumewamaliza?"

"Nilimwahidi, Shangazi."

"Na ile ofisi iliyokuajiri imekuruhusu?"

"Imesema hainihusu."

"Umeona!"

Alilalamika jioni nzima, lakini alilalamika akiwa amekaa, na alipomaliza kulalamika bakuli zima la lozi lilikuwa limemenywa.

Lewisville hadi Dallas: Dada Mercy na usingizi

Jumamosi alfajiri alinipeleka Dada Mercy, yule nesi Mkenya wa ghorofa ya chini. Alikuwa ametoka zamu na macho mekundu kama nyanya. Nilikaa mbele, sufuria kubwa ya Shangazi mapajani, imefungwa kwa kanga mbili. Ndani ilikuwa ngano tupu na vikorombwezo vyake. Dengu na sukari nilivibeba kwenye mifuko tofauti, kwa sababu Bibi alisema sukari inawekwa mwishoni, ukiiwahisha inakunywa maji na kugeuka uji.

"Gore," akasema Mercy, "uta-carry hiyo sufuria kwa lap mpaka Houston?"

"Ndiyo."

"Na huko unajua nani?"

"Simjui mtu."

"Aki wewe! Na wakikukataa?"

"Nitakuwa nimefika."

Akatikisa kichwa. "Mimi nimekaa hii nchi miaka kumi na mbili, sijawahi enda mahali sijakuwa invited. Wewe unaenda na mboga."

"Si mboga, ni ngano."

"Same difference. Niongeleshe basi, nisilale."

Nikamwongelesha. Nilimwongelesha vizuri mno, nikamsimulia habari za Raymond na lori lake, Mercy akaanza kufuta machozi, na tukapita njia ya kutokea. Tulishtuka tunaelekea Fort Worth badala ya Dallas. Kugeuka, foleni, kazi za barabarani, Mercy anapiga usukani, "Siamini, siamini, nalilia mzee sijawahi meet!" Tulifika kituoni basi limebakiza dakika sita.

Pale mlangoni mlinzi akafungua mkoba wangu, akatoa mfuko wa unga mweupe, akauinua juu.

"Hii ni nini?"

Nikasema ukweli. "Ni sukari ya marehemu."

Kiingereza changu mnakijua. Akamwita mwenzake. Mwenzake akaita wa tatu. Mercy alikuwa bado hajaondoka, akaja mbio na sare yake ya hospitali, akasema yeye ni nesi na ile ni sukari ya keki, na kama hawaamini yeye ata-taste. Akachovya kidole akalamba. Wale watatu wakatazamana. Mmoja akaniuliza keki ni ya nini, nikafungua mdomo, na Mercy akanikanyaga mguu.

"Birthday," akasema.

Nikapanda basi. Sikuupenda ule uongo, lakini mguu uliniuma mno hata sikuweza kubisha.

Barabarani: saa tatu juani

Kiti cha pembeni yangu alikaa mama mmoja mweusi wa makamo, Mama Dorothy, mwenyeji wa Dallas, anaenda Houston kwenye sherehe ya kanisa la dada yake. Alikuwa na boksi la duara mapajani kama mimi nilivyokuwa na sufuria. Tukatazamana.

"Kofia," akasema.

"Ngano," nikasema.

Tukawa marafiki.

Tulipopita mji wa Corsicana kidogo, basi likaanza kunuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Dereva akalitoa pembeni karibu na kituo cha mafuta, akashuka, akafungua nyuma, akafunga, akatuambia basi jingine linakuja baada ya nusu saa. Nusu saa yake ilikuwa saa tatu nzima. Ndani hamkukalika, hewa ya baridi imekufa, tukashuka wote tukasimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Jua la Texas mwezi wa sita mnalijua. Mimi mwenyewe sikujali, nimekua kwenye hema la plastiki. Nilichohofia ni ngano. Ngano ya kuchemsha ikipata joto inachacha, na ikichacha, basi ahadi yangu imechacha nayo.

Mama Dorothy akaniona nazunguka na sufuria kama paka mwenye mtoto. "Ndani kuna nani?" akauliza. Hakusema kuna nini, alisema kuna nani. Nikamsimulia. Alisikiliza bila kunikatiza mpaka nilipofika kwa Raymond, hapo akapiga paja.

"Dereva wa malori? Mweusi? Miaka ile? Huyo bibi alikuwa na moyo wa chuma."

Akaingia dukani, akatoka na mfuko wa barafu na mwavuli wa rangi ya waridi. Barafu tukaizungushia sufuria, mwavuli akaushikilia mwenyewe. Watu walipita wakitutazama, wanawake wawili wamesimama pembeni ya barabara kuu wakiikinga sufuria na jua huku wao wenyewe wanaungua. Nilinunua mkate na soda tukagawana, yeye akatoa mapaja ya kuku ya kukaanga aliyokuwa akimpelekea dada yake. "Dada yangu mnene," akasema, "namsaidia."

Kisha akaniomba kijiko kimoja tu cha ngano, aonje. Jamani, mtu amekushikia mwavuli saa nzima, anaomba kijiko, nawe unamnyima! Nilimwambia bado, haijaombewa, marehemu hajatajwa. Niliona aibu mpaka masikioni. Lakini hakukasirika, na nilipomwahidi kumletea ya kwake ikishaombewa, akaniandikia namba yake. Akasema, "Basi sikiliza, mwanangu. Kwenye kanisa lisilo lako, usisimame mlangoni. Mlangoni ndiko wanakofukuzia watu. Wewe nenda moja kwa moja mbele, simama pale ambapo kukutoa itabidi wakubebe."

Nilifungua sufuria nikainusa. Bado ilikuwa nzuri. Nikafunga, nikasali Salamu Maria, na basi likaja.

Houston, Jumamosi: mtaa wenyewe

Nilikuwa nimejitengenezea picha. Mnanijua, mimi ni mtu wa kujitengenezea picha. Nilidhani nitakuta mtaa mzima mweupe na buluu kama kwenye kalenda ya jikoni kwa Bibi. Nilichokuta ni mgahawa wa Kivietinamu, saluni ya Wameksiko, jengo refu la vioo, duka la vitanda, na katikati yao, kama meno yaliyobaki kwenye kinywa cha mzee, vitu vitatu vya Wagiriki: duka la mikate, chumba kimoja ambamo wazee hucheza dama yao ya dado, na kanisa lenye kichwa cha duara.

Duka la mikate ni la Bwana Takis. Aliponiona naingia na sufuria akadhani nauza.

"Hatununui," akasema.

"Siuzi. Ni koliva."

Akaacha kufuta kaunta. "Nani kakuambia neno hilo?"

Nikamwambia. Alitoka nyuma ya kaunta polepole, akafungua kanga ya kwanza, akafungua ya pili, akachungulia. Akasema yeye alikuwa mtoto wakati Eleni anaondoka, na anakumbuka wanawake walivyofunga madirisha siku ile, mtaa mzima, saa sita ya mchana, kwa joto lile. Alisema watu wengi wamehamia mbali siku hizi, kwenye nyumba kubwa zenye majani mbele, wanarudi Jumapili tu kusali, kununua mkate na kusengenyana.

"Majina ya kesho anapokea nani?" nikauliza.

"Stamatia."

"Mwema?"

Akakuna shingo. "Ni mdogo wake Eleni."

Nilikaa kwenye kiti. Bibi miaka miwili aliniambia habari za baba, za mama, za jirani aliyekuwa na kasuku. Hakuwahi kuniambia ana mdogo wake aliye hai.

Bwana Takis akaiweka sufuria kwenye friji lake kubwa, kati ya siagi na maziwa, akaniambia nije asubuhi niitengeneze pale. Kisha akanivusha barabara, akanionyesha ilipokuwa nyumba yao. Sasa ni maegesho ya magari ya ule mgahawa wa Kivietinamu. Kwenye kona umebaki mtini mmoja, ambao baba yao aliupanda, na wenye mgahawa hawakuukata kwa sababu unawapa kivuli wapishi wakitoka kupumzika.

Nililala kwa Mama Furaha, Mkongomani, binamu wa mwalimu wetu wa kwaya. Alinipa sombe, kisamvu chao, na samaki, akanisikiliza, akasema, "Weye mutoto uko na kichwa nguvu. Lakini asante Mungu umeacha ile kitu kwa Mugreki. Mu frigo yangu haingeingia." Nilicheka, nikalala kama gogo.

Houston, Jumapili: meza ya Stamatia

Asubuhi, dukani kwa Takis, nilihamisha ngano kwenye sinia lake la fedha. Dengu juu, sukari juu ya dengu, nikakandamiza kwa karatasi ya mikate mpaka ikang'aa. Msalaba wa lozi, na chini yake herufi E. Nilirudi nyuma hatua mbili kuitazama, na sitajifanya mnyenyekevu, ilikuwa nzuri. Takis alijifanya ana shughuli kwenye tanuri, lakini nilimwona akijipangusa macho kwa aproni.

Wanawake wanakusanyia masinia kwenye ukumbi ulio pembeni ya kanisa, kabla ya ibada. Nilikumbuka maneno ya Mama Dorothy. Mlangoni sikusimama. Nikapita kati ya watu na sinia langu kichwani, kwa sababu mikono ilichoka na kwa sababu najua kubeba, nikaenda mpaka kwenye meza ya mbele kabisa.

Aliyekaa nyuma ya meza sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alikuwa na pua ya Bibi. Kila siku kwa miaka miwili nilikuwa nikiipaka ile pua mafuta ya jua, na sasa ilikuwa mbele yangu kwenye uso mwingine, imevaa nyeusi.

"Jina la marehemu?" akauliza bila kuinua kichwa. Alikuwa na vikaratasi na kalamu.

"Eleni."

"Eleni yupi?"

"Wa nyumba yenye mtini. Aliyeondoka na Raymond."

Kalamu ikasimama. Wanawake wawili waliokuwa wakipanga mishumaa wakaacha kupanga. Stamatia akaniangalia mimi, akaliangalia sinia, akaniangalia tena, na usoni mwake niliona mashaka yale yale niliyoyaona kwa Bibi siku ya supu.

Na kwetu, jamani, mashaka yana dawa moja. Sikufikiri. Mkono ulienda wenyewe. Nikachukua kijiko kilichokuwa mezani, nikakitumbukiza kwenye sinia, pembeni kidogo ya msalaba, nikachota, nikala mbele yao.

Mmoja akapiga kelele. Mwingine akamwita Mama wa Mungu kwa Kigiriki. Nilitafuna, nikatazama chini, nikaona nilichofanya. Kwenye ule weupe uliokuwa kama shuka la hospitali kulikuwa na tundu, na lozi moja ya msalaba imeangukia ndani.

"Umekula ya marehemu kabla marehemu hajaombewa," akasema Stamatia. Sauti ilikuwa ndogo. "Umetoboa msalaba wake. Nani amekutuma?"

"Yeye mwenyewe."

"Eleni angekutuma uje utoboe koliva mbele yangu?"

"Alinituma nilete. Kuonja ni kwetu. Anayeleta chakula anaonja kwanza, anayepokea ajue hakuna sumu."

"Hapa hatufanyi hivyo. Liondoe."

Kwa mnavyonijua, mngesema Goreti atalia, ataomba samahani kwa Kiswahili, Kirundi na Kiingereza, ataondoka. Hata mimi nilidhani hivyo.

"Siliondoi," nikasema.

"Unasemaje?"

"Siliondoi, mama. Dada yako kwa miaka miwili hakula kitu sijakionja. Kila kijiko alisema, onja. Sasa nimeonja na bado nimesimama. Kama kuna sumu kwenye mtaa huu, haikuja na basi la kutoka Dallas."

Hata mimi nilishangaa maneno yale yametoka wapi. Kengele ikalia, wanawake wakaanza kubeba masinia yao kwenda kanisani, mmoja mmoja, wakilizunguka la kwangu kama dimbwi. Nami nikabaki nimesimama. Nilijiambia, nitasimama hapa mpaka ibada iishe, na wakizima taa nitasimama gizani.

Tukabaki wawili. Stamatia hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama ndani ya tundu.

"Hiyo ya njano ni nini?"

"Unga wa dengu uliokaangwa. Sukari isinywe maji."

"Hapa wote wanaweka biskuti."

"Bibi alisema biskuti ni uvivu."

Midomo yake ikacheza kidogo. "Hayo si maneno yake," akasema. "Ni ya mama yetu."

Akachukua kijiko. Kile kile, hakukifuta. Akachota kwenye tundu lile lile, akaweka mdomoni, akatafuna taratibu, macho yameelekea ukutani. Nilihesabu vichwa vya watakatifu kwenye picha ili nisimwangalie.

"Mdalasini umezidi," akasema mwishowe.

"Ndivyo alivyopenda."

"Najua alivyopenda. Nilikuwa nikilala naye kitanda kimoja."

Akavuta kikaratasi, akaandika. Mkono wake ulikuwa wa kizee lakini herufi zilinyooka. Kisha akainuka, akalichukua sinia mwenyewe, na tundu lake, hakuliziba, akatangulia mbele. Kwenye mlango wa kanisa akasema bila kugeuka:

"Sijamsamehe. Napeleka ngano tu."

"Naye alisema hivyo hivyo," nikamjibu. "Alisema hajawasamehe."

Akasimama kidogo. "Alikuwa mkaidi."

"Sana."

"Tembea basi, tumechelewa."

Ibada yao ni ndefu na uvumba ni mwingi. Sikuelewa kitu. Lakini mwishoni, masinia yakiwa yamepangwa mbele, padri akafungua vikaratasi na kuanza kusoma majina, jina baada ya jina, na watu wameinamisha vichwa. Nilisikia lake. Lilipita haraka, kama mtu anayejulikana pale, halafu likafuata jingine. Basi. Miaka yote ile, na saa tatu za jua, kwa pumzi moja ya padri. Nawaambieni, ilitosha.

Baada ya ibada ngano yote huchanganywa na kugawiwa watu kwenye vifuko vidogo. Stamatia ndiye alikuwa akigawa. Aliponifikia alinipa vifuko viwili, hakuniangalia. "Kimoja cha njiani," akasema. Cha pili hakusema ni cha nini.

Houston: kabla ya basi la kurudi

Dada Mercy ameuliza kama tulikumbatiana na Stamatia. Hatukukumbatiana. Shangazi ameuliza kama Stamatia ameomba namba ya Sofia. Hajaomba. Nilimwachia Takis ile namba, imebandikwa kwenye rejista yake, na Takis hana siri. Sofia nilimpigia mwenyewe nikamwambia nilienda. Aliuliza, "Jina walilisoma?" Nikasema ndiyo. Akasema ana kazi, akakata. Hajanigombeza mpaka leo.

Kifuko cha njiani nimempelekea Mama Dorothy, hapa Dallas, kama nilivyomwahidi. Alisema kinahitaji chumvi.

Lakini kabla ya basi nilikuwa na saa moja. Nikavuka barabara peke yangu mpaka kwenye maegesho. Hapakuwa na mtu, gari mbili tu, na kreti ambalo wapishi hukalia. Nikachutama chini ya mtini, nikafungua kifuko cha pili. Kijiko nilichotumia dukani kwa Takis kilikuwa mfukoni, nilisahau kukirudisha. Nikachota. Nilitaka kuimwaga pale kwenye mizizi, moja kwa moja, Bibi apate haki yake.

Nikausimamisha mkono.

Nikaonja kwanza.